Viroba Vinne vya Pilipili za Mama Rosa

Mwanangu Tusekile,

Salamu sina haja ya kuzirefusha, maana asubuhi tumekunywa uji meza moja na mpaka sasa harufu ya mafuta yako ya nywele bado imo humu ndani. Wewe na mama yako mmekwenda Ilomba kumuaga shangazi yako. Najua shangazi yako hawezi kuwaachia mwondoke bila chakula, kwa hiyo nina saa tatu nne za kuandika. Mwandiko wangu unaujua, utavumilia.

Mambo ya blanketi, ya dawa za malaria, ya simu ufiche wapi ukisinzia kwenye basi, hayo mama yako amekwisha kukwambia mpaka masikio yamekuchoka. Mimi siyagusi. Kesho alfajiri utapanda basi hapa Uyole, utashuka Mafinga, utakwenda kuwapikia wakata magogo ugali na maharage. Mimi nitakuwa nimesimama pale kituoni nimeshika begi lako, nikichekacheka na makondakta kama mtu mwema. Neno la maana halitanitoka. Najijua. Ndiyo sababu naandika leo.

Basi hilo halitaishia Mafinga, litakuacha pale na kwenda zake Iringa. Na Iringa ndipo ulipotakiwa kushuka wewe. Jiko la Mama Rosa lilikuwa lako. Limekuponyoka kwa sababu yangu, na watu wote wanaoijua habari ile wanaijua kwa uongo wangu. Nataka niiandike yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili yawe kwenye karatasi kwa mkono wangu.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipomwona Mama Rosa? Mimi nilikuwa nimepeleka viazi Iringa, wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne na hukuwa na la kufanya, nikakuchukua. Dalali akatuambia huko mjini kuna mama wa Meksiko, ameolewa na Mhehe, ana mgahawa, anatafuta pilipili na hapati. Nikacheka. Mtu akose pilipili nchi hii! Nikakwambia, "Leo tumeokota mzungu." Ukaniambia, "Baba, Meksiko si wazungu." Nikakukatiza, kama kawaida yangu.

Nilimpelekea pilipili kichaa za Kyela. Akaonja, akatikisa kichwa. Nikampelekea pilipili mbuzi, akasema nzuri, lakini siyo. Nikaenda mjini Mbeya kwa Mzee Kanji mwenye duka la viungo, nikamnunulia zile ndefu nyekundu zinazotoka Bara Hindi. Akazikaanga bila mafuta, akainusa ile harufu, akasema rangi ipo, roho haipo. Maneno yake hayo hayo. Mimi nikamwona mtu mwenye nongwa. Wewe ndiye uliyeuliza, "Mama, hiyo unayoitaka inanukiaje?"

Akaingia chumbani, akatoka na mfuko uliofungwa mara tatu, akatuonyesha. Ndefu kama kalamu, nyeusi, zimekunjamana, ukizinusa unapata zabibu kavu na tumbaku kwa mbali, na ukali wenyewe ni mdogo tu. Aliziita pasila. Akatueleza kwao zinauzwa mafungu mafungu barabarani, kila mtu ananunua. Huku kwetu akiagiza kwa ndege, gharama ya kuzisafirisha inazidi ya nyama anayoipika nazo. Alikuwa anategemea shemeji yake akitoka safari abebe kwenye begi, na shemeji mwenyewe alikuwa ameacha kusafiri. Alisema mchuzi ule ndio uliokuwa ukiwaleta wateja wake, tena ndio aliokuwa akipikiwa na mama yake. Akakupa tatu. Hakunipa mimi, alikupa wewe, mkononi.

Mbegu ulizitoa wewe. Ulizipanda kwenye pakiti za maziwa ulizoziokota kwa muuza chai, ukazipanga jikoni karibu na mafiga kwa sababu ya baridi ya Uyole, na mama yako akawa anaruka pakiti asubuhi na jioni akilalamika. Ulikwenda kumsumbua yule bwana shamba wa kituo cha utafiti mpaka akakupa nailoni chakavu ya kufunika kitalu. Mimi nilikuwa nasema, "Huyu mtoto anafuga nyasi." Msimu wa kwanza tukapata kikapu kimoja tu. Tukakipeleka. Mama Rosa akakutazama ukizifuta moja moja, akazikaanga kavu, akaziloweka, akazisaga, akapika mchuzi wake, akaonja na kijiko akiwa amesimama. Kisha akakaa chini sakafuni, pale pale jikoni, akalia.

Alipomaliza kulia akakushika mikono akakwambia, "Msimu ujao nileteeni za kutosha, na wewe usirudi Mbeya. Ubaki hapa na mimi, nitakufundisha jiko langu lote." Nilikuona uso wako. Sijawahi kukuona na uso ule tena mpaka leo.

Sasa nifike kwenye dawa.

Msimu wa pili Mungu alitujalia. Tulivuna mpaka majirani wakaja kutazama. Mama Tumaini anayeuza ndizi na wenzake watatu wa sokoni wakasema mwakani na wao watapanda, Mama Rosa akiridhika atuunganishe na wenye mahoteli. Ukazianika juu ya chanja chini ya ile nailoni, ukawa unazigeuza kila siku, ukungu ukishuka unaziingiza ndani. Zilipokauka ukaketi hapa kwenye meza hii ninayoandikia, ukafuta moja moja kwa kitambaa kibichi kisha kwa kikavu. Pilipili viroba vinne, moja moja! Mama yako alikuwa anasema utaota unafuta.

Ukaniambia, "Baba, usizitie kwenye viroba vya mahindi, vina dawa. Nimenunua vipya, viko chini ya kitanda changu." Ulivinunua kwa hela ya kusuka watu nywele. Nikakuitikia.

Jumamosi ile ulikwenda mazoezi ya kwaya. Nikapita kwenye chumba, nikaona mdudu mweusi mmoja anatembea juu ya pilipili. Mmoja, Tuse. Nikaona fukusi, nikaona kazi yetu yote inageuka unga. Na mimi tangu nimeoa, kila mwaka nikipukuchua mahindi natia dawa, nachanganya kwa koleo, nafunga, kwisha. Baba yangu alitumia majivu ya mgomba, mimi natumia dawa ya pakiti, na mahindi yangu hayajawahi kutobolewa. Ndivyo ninavyojua kutunza chakula, sina njia nyingine. Nikachukua viroba vya mahindi vya mwaka jana, maana vile vyako vipya niliona tutavitumia kwa kitu cha maana zaidi. Nikazimwaga humo pilipili zako ulizozifuta. Nikazinyunyizia dawa, nikatikisa, nikafunga kwa kamba. Nilikuwa napiga mluzi.

Mahindi yana ganda, yanapepetwa, yanaoshwa, yanakobolewa. Pilipili ile imekunjamana kila mahali, dawa inakaa kwenye mikunjo haitoki. Hilo hata mtoto wa darasa la pili angeliona. Mimi sikuliona kwa sababu sikutazama, na sikutazama kwa sababu mikono yangu ilikuwa imekwishazoea.

Uliporudi ukakuta vimefungwa. Uliuliza, "Baba, mbona nasikia harufu?" Nikakujibu, "Harufu ya nini? Ni viroba." Ukaniangalia. Ukasema, "Viroba vipi, Baba?" Nikakufokea kwamba gari linaondoka alfajiri na wewe unaniletea maswali ya polisi. Kwenye basi kuanzia hapa mpaka Ipogolo hukusema kitu, na tuliposhuka tukapakia viroba kwenye bajaji mbili za kupandisha mlima kwenda mjini, wewe ulipanda ya nyuma.

Mama Rosa alikuwa amewaalika watu. Unakumbuka? Kulikuwa na yule mama mwenye hoteli, na mpishi wake, na mume wa Mama Rosa akiwa amevaa shati la kanisani. Akafungua kiroba cha kwanza akicheka. Akaingiza mkono. Kicheko kikakatika. Akachukua kitambaa cheusi akafuta pilipili moja, akakiinua, cheupe. Akanusa. Akafungua cha pili, cha tatu, cha nne, taratibu, kama mtu anayefungua sanda. Akauliza, "Nani ametia dawa hapa?"

Wote wakatugeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema "mimi". Ni neno dogo. Nikamwona yule mama wa hoteli ananiangalia kuanzia viatu, nikaona aibu inanipanda mpaka masikioni, nikafungua mdomo nikasema, "Huyu mtoto. Nilimwachia kazi."

Na wewe, Tusekile, ukasema, "Samahani, Mama."

Hukunitazama hata. Ungenitazama ningekufa pale, nadhani ulijua.

Mume wake akachimba shimo nyuma ya jiko, nikamsaidia kuchimba. Nilichimba kwa nguvu kweli, kama mtu asiye na hatia aliyekasirishwa na ujinga wa mwanawe. Tukavitumbukiza vyote vinne. Hata mbegu hatukubakiza, maana mimi nilitaka uzito utimie, nikazoa mpaka zilizovunjika, na shambani nilikwishang'oa miche yote nipande viazi. Pasila zile zilikwishia pale, mwanangu.

Nimejiuliza siku nyingi kwa nini ulisema samahani. Jibu ninalo, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko shimo lile.

Ulikuwa na miaka saba hivi. Nilikuwa nafungasha viazi hapa sokoni, lumbesa ya kujaza mpaka kupita mdomo wa gunia, unajua tunavyofanya, vizuri juu, vibovu chini. Akaja mama mmoja mteja, akachagua gunia, na wewe uliyekuwa umekaa juu ya ndoo ukamwambia kwa sauti nzuri kabisa, "Mama, chini vimeoza." Watu wakacheka, mama akaenda kwa muuzaji mwingine. Jioni nilikuchapa. Nilikuchapa na fimbo ya mkaratusi, nikakwambia, "Baba yako akiuza, wewe hujui kitu. Umenisikia? Hujui kitu." Ukaitikia, "Ndiyo, Baba." Na tangu siku ile hukuniumbua tena mbele za watu. Nilijisifu kwa wenzangu kwamba nina mtoto mwenye heshima.

Kumbe nilikuwa nakufundisha ile samahani ya Iringa. Niliipanda mwenyewe, ikakaa miaka yote ile, nikaja kuivuna mbele ya Mama Rosa.

Tuliporudi, Mama Tumaini na wenzake wakauliza imekuwaje. Ningeweza kusema hapo. Hakukuwa na mama wa hoteli wa kuniangalia viatu. Lakini uongo ulikuwa umekwishanifaa mara moja, nikautumia tena. "Mtoto alikosea." Ndipo wakaanza kukuita Dawa. Ukipita na ndoo, "Dawa huyo, tuhamishe nyanya zetu." Wanatania, ndivyo wanavyosema. Mimi nikiwa pale pale nilikuwa nacheka nao. Mungu wangu.

Mama yako hajui mpaka leo. Akiisoma hii atajua, na itakuwa haki yake kunifanya atakavyo.

Sasa nikwambie jambo usilolijua, na hili ndilo lililonikalisha hapa.

Wiki iliyopita, uliposema umepata kazi ya Mafinga, nilitoka nje nikaenda mpaka kule kwenye mizani ya malori ambako hakuna anayenijua, nikampigia simu Mama Rosa. Nilikuwa nimejikaza kweli. Nilijiambia kama nikimwambia ukweli atakuchukua, basi Mafinga itakufa yenyewe. Akapokea, akasema, "Kamwene, Baba Tuse," kama vile tuliongea jana. Nikamwambia, "Mama, ile dawa nilitia mimi. Mtoto alinikataza."

 

Akasema, "Najua, mzee. Nilijua siku ile ile. Mtoto anayefuta pilipili moja moja hawezi kutia dawa."

Nikamuuliza, "Sasa Mama, kama ulijua, mbona hukumchukua?"

Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba namchukua kwa kuwa baba yake ni mwongo? Angekubali kuja kwangu kwa njia hiyo? Angekutetea mpaka mwisho. Nilisubiri useme wewe. Nafasi yake niliiweka. Simu ikilia ya Mbeya nasema ndiye huyo. Nimesubiri mpaka juzi juzi, mzee, nimechoka, watu wanakula, jiko haliwezi kungoja. Nimechukua binti wa hapa Ipogolo."

Nikamwambia, hata kuosha vyombo. Hata kufagia. Nilimbembeleza, Tuse, nikiwa nimeshika nguzo ya taa barabarani, malori yananipigia honi. Akasema jiko lake ni dogo na hawezi kumfukuza yule binti ambaye hakukosa kitu. Nikamuuliza kuhusu pilipili, nikasema niagizie tena mbegu, nitaanza upya, sitagusa kiroba. Akasema mchuzi ule ameacha kuupika. Ameufuta kwenye ubao. Akanitakia siku njema.

Kwa hiyo si dawa iliyokunyima lile jiko. Shimo lile lilimeza viroba tu. Nafasi yako ilikuwa hai miezi yote hii, ikikungojea, na ufunguo wake ulikuwa neno moja la kwangu, na mimi nilikuwa hapa nakunywa chai, naongea bei ya viazi, nakuangalia unavyokonda. Ulikuwa unaamka asubuhi unakaa mlangoni, mama yako akidhani unaumwa. Mimi nilijua unaumwa nini. Nikajikausha.

Nimefikiri nikupe ushauri gani. Nimekosa. Mtu aliyefanya haya anamshauri nani? Ninachokijua ni hiki tu: nilidhani nikisema "mimi" pale Iringa nitakufa kwa aibu. Aibu ile ingekwisha siku ile ile, pengine kabla hatujashuka mlima. Hii ninayoishi nayo haina siku ya kwisha. Na wewe ukikutana na mtu mkubwa kwako, bosi, mume, mchungaji, awe nani, anayetaka useme samahani isiyo yako, ujue kwamba ile fimbo ya mkaratusi nimeivunja. Imechelewa, lakini nimeivunja. Sema chini vimeoza. Sema kwa sauti ile ile ya juu ya ndoo.

Leo mlipoondoka nilikwenda sokoni. Nilikwenda kuwaambia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mama Tumaini akaniita, "Baba Tuse, Dawa anaondoka kesho? Tutamkumbuka!" Wote wakanigeukia, kama Iringa. Nikanunua chumvi, nikarudi.

Chumvi yenyewe tunayo. Ndiyo hiyo utakayoikuta mezani, mama yako atauliza ya nini.

Kwa hiyo sina cha kukupa kesho kituoni. Mbegu sina, jiko la Iringa sina, na ujasiri nimeutafuta leo sikuupata. Ninalo jina langu tu, nalo nitaliandika lote hapa chini, ili karatasi hii isiwe ya siri kati ya baba na binti. Ni yako. Ipige picha, uwatumie wa sokoni, uwatumie wanakwaya, umtumie mwenye kazi wa huko Mafinga kama habari zile zimemfikia. Usiniombe ruhusa. Usinihurumie kama ulivyonihurumia siku ile.

Nasikia sauti ya mama yako kwa jirani, mmerudi. Naifunga, naitia ndani ya kile kitambaa chako cha kufutia, chini kabisa ya begi.

Pilipili za Mama Rosa ziliharibiwa na mimi. Tusekile alinikataza, na hakukosa kitu.

Ambakisye Mwaisanila, baba yake, Uyole.